Mwaka wa Swichi ya Susu

Mwezi uliopita nilirudi Mbumbuni kumzika Baba Mumo. Nilitoka Kitui alfajiri, lakini nilipofika wahubiri walikuwa wameshashika maikrofoni, kwa hiyo niliketi nyuma kabisa ya hema kati ya akina mama nisiowajua. Marehemu alisifiwa kwa mengi. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa maneno machache, mtu aliyefunga duka kila siku ili akale kwake saa saba, hata siku ya soko wateja wakinung'unika. Niliposikia habari ya saa saba niliinamisha kichwa. Hakuna aliyeeleza kwa nini alikuwa akifanya hivyo, na nadhani tuliojua tulibaki wawili. Baada ya maziko, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, mkewe Mwalimu Nduku alinishika mkono akanipeleka chumbani. Alitoa kabatini kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha meza. "Alisema hii upewe wewe," aliniambia. "Tangu augue haijaguswa, hata sijui kama bado inafanya kazi." Sikuwa na haja ya kukifungua. Nilikijua kwa uzito wake: mkebe wa biskuti nilioutoboa kwa nyundo na msumari nikiwa na miaka ishirini, pamoja na rimoti ya televisheni iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nililia palepale, na Mwalimu akadhani namlilia mumewe tu.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka politekniki na cheti cha kutengeneza redio. Sikuwa na ndugu wala rafiki Mbumbuni. Nilikwenda kwa sababu niliambiwa hakuna fundi wa redio pale. Nilikodi kibanda sokoni, na kwa malazi nikapata chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Baba Mumo, chenye kitanda, stovu ya mafuta ya taa na dirisha lililotazama ukuta. Watu walikuja kibandani na redio zao kwapani wakiuliza, "Fundi ameenda wapi?" Nikisema fundi ni mimi, msichana, walicheka, kisha wakaketi kwenye benchi kumngoja fundi arudi. Wengine walingoja mpaka jioni. Mchana hayo yalinichekesha. Lakini nikirudi chumbani, nikipika isyo, mahindi na maharagwe, ya mtu mmoja katika sufuria ya mtu mmoja, nilisikia upweke hasa, ule wa kumfanya mtu aongee na stovu. Mimi niliongea nayo. Niliiambia redio gani imenishinda na mteja gani ana kiburi.

Baba Mumo aliniletea kazi mwezi wa pili tangu nihamie. Alikuja na stereo yake kubwa, fahari ya sebule yake, imeungua upande mmoja. Nilifungua, nikaona sehemu inayosukuma spika imekuwa nyeusi kama mkaa. "Uliunganisha spika ngapi?" nilimuuliza. "Ni nne tu." "Na hii inabeba mbili." Akakuna shingo. "Nilitaka iskike huko nyuma pia." "Huko nyuma kuna nani?" Aliangalia barabara kana kwamba jibu lingepita huko. "Kuna mgeni," akasema.

Mgeni mwenyewe nilishamwona kwa mbali, mama mzee mwenye fimbo aliyekaa chumba cha nyuma chenye mlango wake wa uani. Alikuwa mama yake Mwalimu, na mimi kama watoto wote wa pale nilimwita Susu, yaani nyanya. Aliletwa kutoka Ikutha kwa sababu ya nyonga iliyokuwa inamsumbua, na kwa sababu kitindamimba wake alikuwa ameenda kutafuta kazi na kumwacha peke yake bomani. Kwa hiyo alikuwa anaishi nyumba moja na mkwe wake. Msomaji wa Ukambani anajua uzito wa jambo hilo. Kwa mwingine nieleze. Sisi tuna nthoni, heshima iliyochanganyika na haya, na hakuna mahali inapokaza kama kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawaangaliani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mwingine apite. Mchungaji alikuwa amekwisha kuhubiri kwamba hayo ni mambo ya kale. Wote wawili waliitikia amina, kila mmoja upande wake wa kanisa, kisha wakarudi nyumbani kwa milango miwili tofauti.

Mwalimu Nduku alifundisha Nunguni, akirudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Mumo, mtoto wao, alikuwa shule ya bweni. Kuanzia Jumatatu, basi, nyumba ile ya vyumba vitano ilikuwa na watu wawili waliokimbiana. Baba Mumo alikula chakula cha mchana hotelini ili mama mkwe apate kutembea huru. Susu naye aliposikia kwamba mkwe wake anakula hotelini kwa sababu yake, alifunga mzigo wake, kanga na Biblia na vyombo viwili, akauweka karibu na mlango. Kila wiki alisema anarudi Ikutha. "Siwezi kumfukuza mtu kwa nyumba yake," alikuwa akisema. Jumapili moja Mwalimu alikuja chumbani kwangu, akaketi kitandani kwa kuwa kiti hakikuwapo, akaniomba kama mtu anayeomba maji. "Usimwache aende. Mimi niko mbali. Huko Ikutha akianguka, hakuna mtu wa kumwinua." Niliahidi. Nilikuwa na hamu sana ya kuahidi mtu kitu.

Shida kubwa ya Susu ilikuwa redio. Bomani kwake alizoea stesheni ya Kikamba tangu asubuhi: nyimbo, salamu, matangazo ya vifo. Alinunuliwa redio ndogo, lakini katika chumba kile cha nyuma ilikoroma tu. Iliyokuwa na antena ndefu juu ya mti ni stereo ya sebuleni. Kwa hiyo nilipoitengeneza nilivuta nyaya mpaka chumbani kwake, nikamwekea spika mbili juu ya kabati, na sebuleni nikaweka swichi ya mkono: ukiisukuma huku sauti inakwenda sebuleni, ukiisukuma kule inakwenda kwa Susu. Zote pamoja haikuwezekana, ingeungua tena. Kazi ikawa safi, ila kulikuwa na jambo moja. Swichi ilikuwa sebuleni, na Susu hakuingia sebuleni. Akitaka redio alinituma mimi. Baba Mumo naye akitaka habari alinituma mimi. "Fundi, hebu uliza huko nyuma kama wamemaliza na redio." Hakusema "mama", alisema "huko nyuma". Na Susu alisema, "Mwiitu, mwambie mwenye nyumba achukue, mimi nimeshiba nyimbo." Mwiitu ni binti. Nilikuwa binti wa mtu tena.

Sasa nakiri kwamba ile ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyoishi pale. Baba Mumo aliacha kula hotelini kwa kuwa palikuwa na mtu wa kati. Saa saba nilifunga kibanda, nikaja, nikapeleka na kurudisha maneno, na kila upande ulinilisha. Sebuleni nilipewa chai na mkate. Nyuma, Susu alinipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi kwenye sahani ya bati, akinilaumu kwamba nimekonda kama mwiko. Alinisimulia marehemu mumewe, mbuzi waliokufa mwaka wa njaa, na namna alivyomcheka Baba Mumo alipokuja kuposa amevaa suruali ya kuazima. "Lakini usimwambie," alisema, akijua vizuri kwamba nitamwambia. Nilimwambia. Alicheka mpaka akatoka nje.

Ila mimi nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa na mchoro. Niliunakili politekniki: swichi ya spika inayofuata rimoti. Kuna siku nilichelewa kurudi, nikamkuta Susu amekaa kimya saa tatu nzima na sauti iko sebuleni ikiwaimbia viti. Nikasema hapana, mama huyu anahitaji mkono wake mwenyewe. Nilitafuta vipande kama kuku anayechakura. Jicho la kupokea rimoti nililing'oa kwenye televisheni iliyopigwa na radi. Rilei mbili, zile swichi zinazojivuta zenyewe zikipewa moto wa umeme, nilizipata kwa fundi wa magari, zilikuwa za honi. Niliungaunga kila kitu kwa risasi ya kuyeyusha ndani ya mkebe wa biskuti, na kila rimoti ilipobonyezwa, rilei ziliruka, tak!, sauti ikahama chumba. Nilibonyeza mara hamsini kibandani peke yangu. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Nikafanya kosa ambalo vitabu haviwezi kumwonya mtu. Jicho nililiweka sebuleni juu ya stereo, kama mchoro ulivyotaka, nikamfundisha Susu afungue mlango wa ndani kidogo, asogeze pazia, aielekeze rimoti sebuleni, abonyeze. Alinitazama kama niliyemtukania ukoo. "Nimuelekezee mkwe wangu kitu? Kama bunduki?" Akairudisha rimoti mkononi mwangu kwa vidole viwili. "Aai, mwiitu. Hata kama hayuko hapo. Hiyo ni sebule yake." Jioni hiyo niliona mzigo wake umesogezwa karibu zaidi na mlango. Nilikesha na aibu, asubuhi nikavuta waya mwingine, nikaling'oa jicho sebuleni nikalitundika ukutani chumbani kwa Susu, chini ya kalenda ya kanisa. Sasa angeielekezea kalenda. Baba Mumo nikamwekea kitufe cha kawaida kwenye mkebe. Susu alibonyeza mara moja, tak! ya mbali ikasikika kutoka sebuleni, na kwaya ikajaa chumbani. Alishika mdomo. Kisha akafungua mzigo wake, akaitundika kanga moja msumarini.

Tangu siku ile walisalimiana kwa mkebe. Saa saba kasoro dakika chache Baba Mumo alifungua mlango wa mbele, akakohoa, akaketi kula. Saa saba kamili, tak, Susu alimrudishia sauti ili asikie habari, kwa kuwa kujichukulia mwenyewe mkwe hakuthubutu. Mkwe akimaliza kula alibonyeza, tak, sauti ikarudi kwa Susu. Baadaye Baba Mumo akaanza kubonyeza kabla habari hazijaisha, ili mama asikose matangazo ya vifo. Susu akaanza kurudisha mapema, kabla mkwe hajavua kofia. Wakawa kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia. Mwalimu alinishukuru akaniletea viazi na kabichi za Nunguni. Na mimi nikawa sina kazi tena katika nyumba ile. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeninunia. Ila hawakuwa tena na neno la kutuma. Siku moja sikuitwa, siku ya pili nikajifanya nina kazi nyingi, wiki ya tatu nikarudi kwenye sufuria yangu ya mtu mmoja. Kupitia ukutani nilisikia tak, na baada ya muda tak nyingine. Nilijipalia makaa mwenyewe, na sikuweza kumlaumu mtu. Niliwalaumu hata hivyo. Niliwakasirikia wote wawili kwa hasira ya mtoto aliyesahauliwa kanisani.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Ilikuwa yapata saa saba na nusu nilipomwona Kavata, msichana aliyeuza dukani kwa Baba Mumo, anakuja mbio kati ya vikapu vya maembe. "Fundi, unaitwa. Baba Mumo anasema swichi imekufa. Saa saba imepita na haijarudi." Mkononi nilikuwa na redio ya kaseti ya mhubiri iliyomeza utepe, kazi ambayo ingengoja hata kesho. Nikafikiri: leo ndiyo mnanikumbuka, kwa kuwa kitu kimeharibika. Nikamwambia, "Mwambie nitakuja nikimaliza hii." Kavata akaondoka. Sikumaliza chochote. Nilifagia kibanda ambacho nilikuwa nimekifagia asubuhi. Nilipanga bisibisi kwa urefu. Haraka haraka haina baraka, nilijiambia, methali inayopendwa sana na watu wanaofanya ubaya polepole. Karibu saa nzima ilipita kabla sijabeba begi langu la vifaa.

Niliingia kwa mlango wa mbele. Chakula cha Baba Mumo kilikuwa mezani, kimefunikwa, hakijaguswa. Swichi haikuwa imekufa. Redio ilisikika ikilia kule nyuma. Nilimkuta Baba Mumo amekaa sakafuni kwenye ukumbi, amevua viatu, mgongo wake umeegemea mlango wa Susu na uso wake umeelekea jikoni. Alikuwa anaongea. "Na ile ng'ombe ya kwanza ya mahari, Mama," alisema, "mimi nilijua ni mgonjwa." Kutoka ndani, chini kabisa, karibu na sakafu, sauti ya Susu ilijibu, "Tulijua. Tulisema kijana ameleta mfupa, lakini macho yake ni mazuri." Wote wawili wakacheka, yeye Susu akikatizwa na maumivu. Sijawahi kusikia kicheko kama kile tena. Nilisimama na begi langu nikijiona mwizi.

Baba Mumo aliponiona aliinuka haraka. "Ameanguka. Nimejua baada ya Kavata kuondoka. Amekataa niingie. Anasema nguo imemtoka." Niliingia. Susu alikuwa chini kati ya kitanda na kabati, nyonga imekwenda upande, rimoti imeingia chini ya kitanda asikoweza kuifikia. Nilimfunika kwa kanga kuanzia shingoni mpaka vidoleni. Nilijaribu kumwinua nikashindwa. "Susu, lazima Baba Mumo asaidie." Alifumba macho yake, kisha akasema, "Basi aje bila macho." Na ndivyo alivyokuja. Alifumba macho kabla ya kuvuka kizingiti, na mimi nikamshika kiwiko nikimwambia kushoto, kulia, inama, hapo. Alimbeba mama mkwe wake mpaka kwenye pikapu ya duka macho yamefumbwa, akijigonga bega kwenye mlango na kusema "pole, Mama", ingawa aliyegongwa ni yeye.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Susu alilala hospitalini wiki nyingi, kisha mwanawe mkubwa akamchukua Ikutha, alikoishi miaka michache zaidi akichechemea. Yeye na Baba Mumo hawakuongea tena. Nthoni ilirudi mahali pake kama mlango unaojifunga wenyewe. Mimi nilihama Mbumbuni kabla mwaka haujaisha. Nilifungua duka Kitui, nikaolewa, nikafiwa, nikalea, watoto wakaenda zao. Katika yote hayo kulikuwa na saa moja niliyoibeba bila kumwonyesha mtu. Niliahidi kwamba akianguka atainuliwa, na alipoanguka nilikuwa napanga bisibisi.

Kwa hiyo siku ya maziko, nikiwa na mkebe mapajani, nilimwambia Mwalimu. Nilimwambia kwamba niliitwa nikakawia makusudi, kwa wivu, kwa sababu nilikuwa sili tena kwao. Alinisikiliza huku akikunja kile kitambaa cha meza. "Alijua," akasema. "Kavata alimletea jibu lako vile ulisema. Akataka kumtuma tena. Mama akamwambia kutoka ndani, mwache huyo msichana amalize kazi yake, nisiposonga haiumi sana. Kaa hapo kidogo tuongee." Akafuta pua. "Baba Mumo alikuwa akisema, kama fundi angekuja mara moja, yeye angeishi na mama mwaka mzima na asimjue. Baada ya mama kwenda Ikutha hakuacha kurudi saa saba. Anakula, anabonyeza hiyo kitu, redio inaenda huko nyuma. Nilimuuliza unampelekea nani. Akasema, inaenda tu." Nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha au kwa laana, si kwa hilo.

Mkebe nimeuleta hapa Kitui. Nilisugua kutu, nikabadilisha nyaya mbili na betri za rimoti, nikauunganisha na redio yangu, spika mbili sebuleni na mbili katika chumba cha nyuma walichokuwa wakilala watoto. Jicho nimelitundika hukuhuku sebuleni, ukutani, maana sina wa kumwonea haya. Jana nilipika muthokoi, nikapakua, nikaketi. Saa saba kamili niliielekeza rimoti ukutani nikabonyeza. Tak. Sebule ikanyamaza, na habari zikaanza kusomwa kule nyuma. Nilikula polepole, kisha nikaweka kijiko chini nikangoja sauti irudishwe.